Pijo ya baba yagoma kufa Tunduma!

Ukitaka kujua Tunduma kuna mafundi wangapi, egesha pikapu ya kizamani kando ya barabara kuu, funua boneti, halafu nyamaza. Dakika tano haziishi utakuwa umezungukwa. Wa kwanza atakwambia hedi ichongwe. Wa pili atakwambia thamostati itolewe, "hiki kidude cha Ulaya, dada, huku kwetu hakina kazi." Wa tatu atachungulia kabureta, atasonya, kisha atakuuliza kama una habari na kabureta za Kijapani. Wa nne, mwenye ovaroli safi kuliko wote, atakwambia injini nzima itupwe, kuna ya mtumba imeshuka juzi tu.

Kila mmoja ana dawa mkononi. Anayeuliza mgonjwa anaumwa wapi humwoni!

Ndugu msomaji, haya siyasimulii kwa kusikia. Nyumbani kwetu kuna Pijo 404 pikapu ambayo baba aliinunua mwaka 1981 ikiwa tayari imetumika. Zamani ilikuwa ya bluu. Sasa ukiulizwa rangi yake unajibu "viraka". Imebeba kahawa ya Mbozi, imebeba mahindi, imebeba maharusi na imebeba misiba. Sisi sita tumesomeshwa na gari hiyo. Daftari la mapato na matumizi yake ninalishika mimi, kwa hiyo najua inapoumwa hata kabla dereva hajasema.

Na mwaka jana iliumwa kweli. Petroli ilikuwa inakunywa kama haina kesho, lita moja ikitupeleka kilomita 7 kwa shida. Moshi mweusi ile mbaya. Ukipanda Senjele na magunia nyuma, rejeta inachemka kama sufuria ya makande, na utingo anarukaruka na dumu la maji. Msimu wa kahawa unakaribia, wateja wameanza kuita Canter za watu wengine.

Kaka yangu akaja na hesabu yake. Injini ya mtumba ya Kijapani, ya dizeli, pamoja na ufundi wa kuipachika, shilingi milioni 3 na nusu. Mshiko huo utoke wapi? Akasema tuuze ekari moja ya mibuni. Mama akanyamaza. Baba, ambaye siku hizi hasikii vizuri ila neno "kuuza" analisikia hata akiwa amelala, akainua kichwa na kusema, "Ng'o!"

Sasa hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Maana ekari ya mibuni ukishaiuza hairudi, na injini ukishaing'oa na kuiuza kwa kilo kama chuma chakavu nayo hairudi. Ikabidi kwanza tujue tunatibu nini.

PIJO HII SI YA KUDHARAU

Vijana wakiiona wanacheka, lakini gari hii ina historia yake. Pijo 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960. Ile ya abiria iliacha kutengenezwa huko mwaka 1975, lakini pikapu iliendelea kutoka kiwandani hadi mwaka 1988. Hukai sokoni miaka yote hiyo kwa sura nzuri peke yake.

Wazee wa Safari Rally wanaikumbuka vizuri. 404 ilishinda mashindano yale ya Afrika Mashariki mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell. Ule wa 1963 na wa 1968 ulikuwa wa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na katika kila mwaka kati ya hiyo miwili ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Matope yaliyameza yaliyobaki.

Na barabara yetu hii ya kwenda Zambia nayo haikuwa lami enzi hizo. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilikatikiwa mafuta, ikabidi mapipa yapande malori kutoka Dar hadi mpakani hapa Tunduma kwenye vumbi na utelezi. Madereva wa Kizungu waliiita Njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 ndipo malori yakapumua kidogo. Gari iliyodumu katika barabara ile ilikuwa imefaulu mtihani.

Nasema haya kwa sababu moja. Ukikuta gari ya zamani inaugua, usikimbilie kudhani aliyeitengeneza hakujua kazi. Mara nyingi kinachoumwa ni kitu kidogo kilichochoka, au kitu fulani kilichotolewa na fundi wa kubahatisha miaka 20 iliyopita.

TUNDUMA IKO JUU, BWANA!

Tulimpata fundi mzee, mstaafu, anayefanyia kazi chini ya mparachichi nyuma ya nyumba yake. Hana bango, hana redio. Nilipomwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, kisha swali lake la kwanza likawa, "Mama, gari hii inalala wapi na inakwenda wapi?"

Nikashangaa. Gari inalala wapi inahusiana nini na moshi mweusi?

Inahusiana sana. Tunduma iko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi. Kanieneo ya hewa inapungua kwa karibu asilimia 17 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini ya zamani isiyo na taboo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, hivyo ikivuta hewa nyepesi inapata nguvu pungufu. Gari iliyokuwa na nguvu za farasi 60 kule pwani, huku kwetu inabaki na 50 hivi. Haijaharibika kitu. Ni mlima tu.

Tatizo ni kwamba kabureta haijui kuwa imepanda mlima. Inaendelea kumwaga petroli karibu ileile wakati hewa imepungua. Mchanganyiko unakuwa mzito, petroli haiungui yote, plagi zinakuwa nyeusi kama mkaa, na pesa yako inatokea ekzosti ikiwa moshi. Tena petroli mbichi inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika.

Kitu cha pili: huku juu maji nayo hayasubiri nyuzi 100. Kwa mita 1,600 maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Akina mama wanaochemsha maharage wanajua kwamba huku hayaivi haraka kama Dar. Kwa hiyo rejeta ya Tunduma iko karibu zaidi na kuchemka kuliko rejeta ya Kinondoni, hata kama injini ni moja.

Mzee alipomaliza kueleza, kaka yangu aliyekuja na namba ya simu ya muuza injini aliirudisha mfukoni. Kwa muda.

DAWA YA KWANZA: KUCHONGA HEDI

Wanaosema tuchonge hedi hawakosei kabisa. Ukiondoa unyoya kwenye uso wa hedi, nafasi ya juu ya pistoni inapungua, mgandamizo unaongezeka, na injini inapata nguvu. Huku juu ambako hewa ni nyepesi, mgandamizo ukiongezeka kidogo injini inashukuru.

Lakini twende na hesabu. Injini ya 404 yetu ni sisi 1,618. Gawa kwa silinda 4 unapata 404 na nusu kwa kila moja. (Namba imejileta yenyewe, mimi sikuipanga!) Tuseme mgandamizo wake ni 7.5 kwa 1. Kipenyo cha silinda ni milimita 84. Ukichonga milimita moja tu unaweza kuupandisha hadi karibu 8.1 kwa 1. Milimita moja, unene wa kucha! Na hedi ya Pijo hii ni ya aluminiamu. Ikichemka inapinda, ikipinda inachongwa, ikichongwa inakuwa nyembamba. Mzee alipoipima ya kwetu akakuta imeshachongwa huko nyuma. Akasema haipiti tena kwenye mashine isipokuwa kuinyoosha uso basi.

Kuna la mafuta pia. Mgandamizo ukiwa mkubwa unataka petroli safi. Mpakani hapa kila mtu anajua habari za madumu. Ukijaza petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, injini yenye hedi iliyochongwa itagonga kama mtu anayeponda kokoto, na pistoni zitatoboka. Uchakachuaji ulikuwa umezidi nchini mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Nenda kituoni, achana na dumu la kichochoroni.

DAWA YA PILI: KUTOA THAMOSTATI

Hii ndiyo dawa maarufu kuliko zote kutoka Tunduma mpaka Tanga. Fundi anaitoa, anaitupa, anakwambia sasa maji yatapita kwa raha. Ya kwetu ilikuwa imeshatolewa zamani, hata baba hakumbuki ni lini.

Thamostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani tu ili injini ipate joto upesi. Ikifika kama nyuzi 80, mlango unafunguka, maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inakaa na baridi asubuhi nzima. Nanyi mnaijua Tunduma ya mwezi wa sita na wa saba, ule upepo unaopita kwenye mifupa. Injini ya baridi inataka petroli nyingi, oili haifiki kwenye joto lake, unyevu unabaki ndani na oili inakuwa uji. Mwisho wake ni ringi kulika.

"Sasa mzee, mbona ilikuwa inachemka na thamostati haipo?" nikauliza.

Akacheka. Akaenda mbele ya gari, akashika mfuniko wa rejeta, akaubonyeza kwa kidole gumba. Springi ililala kama ulimi wa mbwa. Huo mfuniko, ndugu msomaji, una kazi ya kubana mvuke ili maji yachelewe kuchemka, kama sufuria ya presha. Wetu ulikuwa umekufa. Kwa hiyo maji yalikuwa yanachemka kwenye nyuzi zilezile 95 za maharage. Mfuniko mpya na kuzibua rejeta iliyojaa tope la chumvi, tatizo la Senjele nusu yake likaisha hapohapo.

Thamostati mpya tuliijaribu jikoni kwangu kabla haijafungwa. Unaining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, unawasha moto, unatazama kama inafunguka. Isipofunguka, rudisha dukani. Jaribio hilo hata mtoto wa darasa la tano anaweza, ila asiache kumaliza homuweki.

DAWA YA TATU: KABURETA YA KIJAPANI

Mafundi wengi wanatoa ile Solex ya Pijo na kuweka kabureta ya gari ndogo ya Kijapani kwa kukata bamba la kuunganishia. Inawezekana, na zipo gari zinazotembea hivyo. Tabu ni kwamba kabureta ile iliandaliwa kwa injini nyingine, yenye pumzi nyingine. Ikiwa ndogo, gari inakata pumzi mlimani. Ikiwa kubwa, unywaji ni uleule. Na bamba likikatwa kwa msumeno likapinda, hewa inaingia pembeni, gari haitulii sailensa.

Mzee akachagua njia ya senti kidogo. Alibadili jeti. Jeti ni kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu ambalo petroli inapita. Namba yake ni kipimo cha tundu: jeti ya 130 ina tundu la milimita 1.30. Kwa mwinuko wetu, kushuka hatua moja, tuseme kutoka 130 hadi 125, kunatosha kuirudisha hesabu ya hewa na petroli mahali pake. Wapo wanaoingiza waya kwenye tundu, au wanaliziba kwa risasi na kulitoboa upya kwa sindano. Hiyo ni ramli. Jeti zinauzwa, tafuta zenye namba.

Akasogeza na taiming kidogo mbele, kwa sababu huku juu mchanganyiko unachelewa kidogo kuungua na hatari ya kugonga ni ndogo. Kidogo, narudia. Kisha akampeleka dereva mwendo wa nusu saa, akazima gari ghafla, akafungua plagi. Plagi ni shahidi asiyehongeka. Nyeusi yenye masizi maana yake petroli imezidi. Nyeupe kama chaki maana yake petroli ni kidogo na vavu zitaungua. Inayotakiwa ni rangi ya chai ya maziwa. Zetu zilitoka rangi ya chai ya maziwa, tatu kati ya nne.

YA NNE ILIKUWA NA SIRI

Plagi ya silinda ya nne ilikuwa na oili. Mzee akaleta geji ya kupimia kompresheni. Hapa pia mwinuko unahusika: geji Tunduma inasoma chini kuliko Dar, kwa hiyo usishtuke na namba, linganisha silinda kwa silinda. Tatu zilisoma karibu sawa. Ya nne ilikuwa chini mno.

Akamimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, akapima tena. Namba ikapanda. Akasema, "Vavu ni nzima. Ni ringi na slivu." Kama namba isingepanda, kosa lingekuwa kwenye vavu. Kijiko kimoja cha oili kilituambia tulichokitafuta.

Hapa ndipo Wafaransa wanapostahili soda. Slivu za 404 ni za maji, yaani kila silinda ni bomba linalojitegemea, linazungukwa na maji, linatolewa na kuwekwa jipya. Huhitaji kupeleka bloku nzima Mbeya au Dar kutobolewa. Unanunua seti ya slivu, pistoni na ringi, unabadili chini ya mparachichi. Zetu zilipatikana kupitia Nairobi.

Ila kuna mtego, na gari nyingi zimekufia hapo. Chini ya kila slivu kuna gasketi nyembamba inayozuia maji yasiingie kwenye oili. Fundi akitoa hedi halafu akazungusha krenki bila kuzibana slivu, zinanyanyuka kidogo, gasketi inaachia. Anafunga hedi, gari inawaka, watu wanapiga makofi. Wiki moja baadaye oili imekuwa nyeupe kama maziwa mgando. Hapo ndipo unaambiwa "injini za Pijo mbovu." Mzee wetu alizibana kwa vipande vya bomba na boliti kabla hajagusa krenki, na alipopachika mpya akapima kila slivu imechomoza kiasi gani juu ya bloku, zote ziwe sawa.

Niliuliza juu ya injini ya Pijo 504, maana kaka alikuwa bado hajakata tamaa ya nguvu. Ile ya sisi 1,796 ina kipenyo kilekile cha milimita 84, tofauti ni mwendo wa pistoni, milimita 81 badala ya 73. Ni ndugu wa damu, na kama mtu anataka kuongeza nguvu bila kuvuruga gari, huyo ndiye wa kumfikiria kwanza. Tulitafuta iliyo nzima hapa mjini hatukuipata.

NA ILE INJINI YA DIZELI?

Sisemi ni haramu. Zipo pikapu za zamani zenye injini za Kijapani na zinapiga kazi. Lakini muuzaji anakutajia bei ya injini, hakutajii yanayofuata. Propela shafti ya 404 imefichwa ndani ya bomba refu lililoungana na gia boksi mpaka difu, kwa hiyo si suala la kufunga boliti nne ukaondoka. Injini nzito ya dizeli inakandamiza springi za mbele. Breki za Pijo zilipangiwa uzito wa Pijo, na mteremko wa Senjele hausikilizi maelezo. Nguvu ukiongeza, breki nazo ziongeze, la sivyo umenunua jeneza lenye honi.

Halafu kuna karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadili injini, kadi nayo ibadilishwe, na hati za hiyo injini ziwepo. Sisi wa mpakani ndio wa kwanza kuumbuka. Tangu mwaka 2019 kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kinafanya kazi, wakaguzi wa nchi mbili wako mahali pamoja. Namba isiyolingana na kadi ni maswali ya siku nzima na mzigo unaozea juani.

WENYE LAND ROVER NA DATSUN

Mnaocheka Pijo yetu, nanyi nina neno lenu. Petroli yenye risasi iliondoka katika nchi za Afrika Kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Kwa afya za watoto wetu ilikuwa habari njema sana. Lakini ile risasi ilikuwa pia inalainisha mahali vavu inapokaa. Injini za zamani ambazo vavu za ekzosti hukaa moja kwa moja kwenye chuma cha hedi, siti zinalika polepole, nafasi ya tepeti inaisha, vavu hazifungi, gari inakosa nguvu asubuhi na kuungua jioni. Dawa yake ni kuwekewa siti ngumu za vavu pale mashineni. Hedi ya aluminiamu kama ya Pijo lazima iwe na siti za kupachika tangu kiwandani, hivyo balaa hilo ni dogo kwetu. Kama wewe unarekebisha tepeti kila mwezi na kila mwezi zinabana, usimlaumu fundi wa tepeti. Angalia siti.

BEI YAKE SASA

Daftari linasema hivi: slivu na pistoni, gasketi, thamostati, mfuniko, jeti, kuzibua rejeta na ufundi, vyote havikufika theluthi ya milioni 3 na nusu. Ekari ya mibuni ipo. Msimu wa kahawa Pijo iliingia kazini. Lita moja sasa inatupeleka kilomita 9 na mzigo, na dumu la maji la utingo limegeuka la kunawia mikono. Kwa nguvu haikimbizani na Canter mlimani, na hatukutaka ikimbizane.

Dereva ameonywa jambo moja. Akitumwa kuchukua mpunga Kamsamba, kule bonde la Rukwa, anashuka karibu mita 800 kutoka hapa, hewa inakuwa nzito na joto kali. Jeti tuliyoipunguzia Tunduma kule inakuwa kavu: petroli kidogo kwa hewa nyingi, injini inachemka na vavu zinaweza kuungua. Kwa hiyo ile jeti ya zamani haikutupwa. Imo kwenye kopo la dawa ndani ya dashibodi pamoja na bisibisi yake. Kabla ya kushuka anaibadili, akirudi anairudisha. Kazi ya robo saa.

Kwa hiyo wewe mwenye mkweche unaoupenda, ukizungukwa na mafundi wanne wenye dawa nne, waulize swali moja: umepima nini? Asiye na geji, asiyefungua plagi, asiyeuliza gari inalala wapi, mpe soda aende zake. Na kila kifaa kitakachotolewa, mwambie akuwekee mkononi, sio kwenye dampo la gereji. Kilichotolewa kwa spana kinarudi kwa spana. Kilichochongwa hakirudi.

Haya, tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.